Mwalimu na Waislamu wa Rwanda: Kutoka Chuoni Hadi Shuleni



Vijitabu vya ukumbusho kama hiki aghalabu hutaja waliojenga. Husema nani alitoa kiwanja, nani alileta saruji na mabati, na siku gani msikiti ulifunguliwa. Jambo hilo ni zuri, kwani mwenye kutenda wema hustahili kutajwa. Walakini yuko mtu mmoja ambaye mara nyingi husahauliwa katika orodha hizo, naye ni mwalimu. Alichokiacha hakionekani kwa macho. Kimo vinywani mwa watu, katika namna wanavyosoma Fatiha na wanavyomtamkia salamu mtu mzima. Basi tumeona vyema kurasa hizi za Waislamu wa Busanza apewe yeye, na tueleze jinsi alivyokuwa katika nchi yetu ya Rwanda, alivyofundisha, na kitu gani alinyimwa kwa muda mrefu.

Tuanze na neno lenyewe. Mnyarwanda, awe Muislamu au Mkristo, anayewafundisha watoto wake humwita mwarimu. Kitabu hukiita igitabo, kalamu huiita ikaramu, na dini huiita idini. Asili ya maneno haya yote ni Kiarabu. Yalipita pwani yakawa Kiswahili, kisha yakapanda bara pamoja na misafara, mengine kwa njia ya Tabora na Ujiji, mengine kwa njia ya Buganda. Hata neno ishuri, ambalo asili yake ni Kijerumani, lilikuwa limekwisha kuwa shule katika Kiswahili cha askari na makarani. Kwa hivyo vyombo vikubwa vya kazi ya kusomesha, yaani mtu, kitabu na kalamu, viliingia Rwanda vikiwa na majina yaliyotoka katika ulimi wa Waislamu. Msomaji ayaweke hayo moyoni, maana huko mbele tutaona kwamba mtoto wa Kiislamu alizuiwa mlangoni pa nyumba ambayo vyombo vyake vyote vilikuwa na majina ya kwao.

Waislamu wa kwanza kukaa Rwanda walikuwa wafanya biashara, Waswahili na Waarabu, pamoja na askari na makarani waliofuatana na Wajerumani. Bwana Richard Kandt aliweka makazi yake Kigali mwaka 1907, na mji ukaanza kukua hapo. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, ambao husimuliwa kuwa wa kwanza nchini, huhesabiwa kuanzia mwaka 1913. Na palipo na Waislamu hapakosi chuo. Mara nyingi chuo hutangulia msikiti, kwa kuwa hakihitaji jengo. Chahitaji baraza, mkeka, na mtu mmoja aliyehitimu. Vijana wetu wamezoea kusema madrasa. Wazee walisema chuo, na kwa neno hilo walimaanisha vitu viwili, kitabu na mahali pa kukisomea.

Mtoto alipopelekwa chuoni kwa desturi ya pwani alipewa ubao wa mti. Mwalimu huandika juu yake kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, na mtoto hufuatisha kwa kidole na kwa sauti. Kwanza huja herufi tupu, alifu, bee, tee, kisha herufi pamoja na irabu zake, fataha, kisiri na dhuma, kisha kuziunganisha. Akiisha kuiweza Fatiha huingia katika juzuu ya Amma kwa kuanzia mwisho, Sura ya Naas, akirudi nyuma sura baada ya sura. Hapo pana hekima, kwani sura fupi ndizo zilizo mwisho, na mtoto huonja furaha ya kumaliza mapema, kabla moyo haujachoka. Somo likihifadhika, ubao huoshwa ukaandikwa jipya.

Sasa tuutazame ufundi huo kwa jicho la mwalimu wa leo. Chuoni walikaa watoto thelathini na masomo thelathini, kila mmoja na ubao wake na mahali alipofika. Mwenye akili nyepesi hakumngoja mzito, na mzito hakuaibishwa kwa kurudishwa darasa zima. Mtoto wa tajiri na wa hamali waliketi mkeka mmoja. Na mwalimu, kwa kuwa hakuweza kuwasikiliza wote, aliwaweka wanafunzi wakubwa wawasomeshe wadogo. Kijana aliyefika Yasini asubuhi ile alikuwa akimfundisha mwenzake alifu mchana ule. Hivyo ndivyo mwalimu alivyozaliwa. Hakupelekwa mahali kujifunza ualimu. Aliujifunza ubavuni pa mwalimu wake kwa kuutenda.

Ni ajabu kwamba jambo hilo hilo liliwashangaza Wazungu walipoligundua. Mwishoni mwa karne ya 18 Mskoti Andrew Bell, akiwa Madras katika Bara Hindi, aliona watoto wa shule za wenyeji wakiandika herufi mchangani. Akaichukua njia hiyo katika shule ya mayatima aliyoisimamia, akawaweka wakubwa wawasomeshe wadogo. Aliporudi kwao aliandika kitabu juu ya habari hiyo mwaka 1797, na muda si muda shule nyingi za maskini Uingereza, za Bell na za Joseph Lancaster, zikaendeshwa kwa wanafunzi kuwafundisha wanafunzi. Jambo lililokuwa desturi ya baraza huku kwetu likawa huko uvumbuzi wenye kubishaniwa nani aliyeutangulia!

Lakini tusijidanganye. Chuo kilikuwa na kasoro, na anayekisifu bila kuzitaja hakukitendea haki. Mtoto aliweza kuisoma Kurani yote asijue maana ya aya moja. Aliweza kuhitimu, akafanyiwa karamu, na asiweze kumwandikia baba yake barua wala kufanya hesabu ya duka. Na kulikuwa na fimbo. Wengi katika wazee wetu wanaikumbuka fimbo kuliko wanavyokumbuka somo, na wako waliokimbia chuo kwa ajili yake wasirudi tena. Watu hudhani ukali huo ni wa dini. Sivyo. Muhammad bin Sahnun wa Kairawani, aliyefariki mwaka 870, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za waalimu, nacho ni katika vitabu vya kwanza duniani vilivyotungwa juu ya kazi hii peke yake. Humo amemwekea mwalimu mipaka: asizidishe mapigo matatu katika kumtia mtoto adabu kwa ajili ya Kurani, asimpige kwa hasira, asiwatume watoto katika haja zake, asidai zawadi juu ya ujira waliopatana, na awafanye sawa maskini na mwenye mali. Na Ibn Khaldun, katika utangulizi wa historia yake alioumaliza mwaka 1377, amesema kwamba ukali kwa wanafunzi huwaharibu. Mtoto aliyelelewa kwa kuonewa hujifunza uwongo na hila ili ajiokoe. Mwalimu wetu wa barazani hakuwa na vitabu hivi. Alikuwa na alivyotendewa yeye, akavitenda.

Basi turudi kwenye historia ya nchi. Wajerumani waliotawala Tanganyika ndio waliotawala Rwanda, lakini katika jambo la shule walikuwa na nyuso mbili. Tanga, katika miaka ya 1890, walifungua shule ya serikali iliyofundisha kwa Kiswahili na isiyomtaka mtoto abatizwe. Vijana wa Kiislamu wa pwani walisoma humo, na waliokwisha kusoma baadhi yao walipelekwa vijijini kuwa waalimu wa shule ndogo zilizokuwa matawi ya ile kubwa. Humo humo lilichapwa gazeti la Kiongozi tangu mwaka 1904. Kwa hivyo pwani alipatikana mtu mpya, Muislamu mwalimu wa shule, mwenye ubao wa chaki na mshahara wa serikali.

Rwanda mtu huyo hakupatikana. Mapadri Weupe walifika Save mwaka 1900, na Waprotestanti wa Bethel mwaka 1907, na kazi ya shule Wajerumani waliwaachia wao kwa sehemu kubwa. Wabelgiji walipowafukuza Wajerumani mwaka 1916 jambo hilo lilikazwa zaidi. Katika miaka ya 1920 serikali yao ilishikilia shauri kwamba shule ziendeshwe na misheni nayo itoe ruzuku, na ruzuku hiyo ilizifikia misheni za Kikatoliki. Waprotestanti wenyewe walingoja mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Ikiwa Mkristo wa madhehebu mengine alingoja hivyo, Muislamu angefika lini?

Mjini Kigali Waislamu walikusanywa Biryogo, katika mtaa ulioitwa kambi ya Waswahili, na kutoka na kuingia kukawekewa ruhusa. Neno Mswahili likawa si jina la mtu wa pwani tena. Likawa jina la Muislamu yeyote, na pia jina la mjanja asiyeaminika, na maana hiyo mbaya haijaisha kabisa katika vinywa vya watu mpaka leo. Nje ya mtaa shule zilikuwa za misheni. Mzazi alikuwa na njia tatu. Aliweza kumwacha mtoto na chuo peke yake. Aliweza kumpa jina la Kikristo na kumpeleka akasome, akiomba usiku arudi na dini yake. Au, kama alikuwa na uwezo na ndugu, alimpeleka nje, Usumbura, Uganda au Tanganyika. Sisi hatuna haki ya kuwahukumu waliochagua njia ya pili. Wapo waliorudi na dini yao na wapo wasiorudi, na mzazi hakuweza kujua mapema mtoto wake atakuwa wa upande gani.

Watu wakieleza habari hizi husema kwamba Waislamu walinyimwa elimu. Maneno hayo ni kweli, lakini hayajafika kwenye kiini. Kilichonyimwa zaidi ni uwezo wa kuzaa waalimu. Tazama jinsi misheni ilivyofanya. Mtoto aliyesoma miaka michache aliwekwa kuwafundisha wanaoanza, katika shule ya udongo kilimani. Katika hao, wenye akili walipelekwa mbele, mpaka seminari ya Kabgayi, au baadaye shule kubwa ya Astrida iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1929, iliyotoa makarani na wasaidizi wa waganga na wa mifugo. Mnyororo ule haukukatika: mwanafunzi wa leo ni mwalimu wa kesho, na kesho ana wanafunzi hamsini. Baada ya miaka thelathini kila kilima kina mtu wa kufundisha. Sisi nasi tulikuwa na mnyororo kama huo huo, wa barazani, lakini ulizaa waalimu wa chuo tu. Hisabati, jiografia, sayansi, na lugha ya serikali havikuwa na mtu wa kwetu wa kuvisimulia. Kukosa shule mwaka mmoja ni hasara ya mtoto mmoja mmoja. Kukosa mwalimu ni hasara inayojirudia katika kila kizazi, kwani hata mlango ukifunguliwa hakuna wa kuingia darasani kusimama mbele.

Wenzetu wa pwani nao walikuwa na shida zao, walakini huko walitokea watu walioliona jambo hili mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947, alianzisha gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawakemea Waislamu kwa kuachwa nyuma na kuwahimiza wasomeshe watoto wao, wa kiume na wa kike. Mwaka 1945, huko huko Mombasa, Aga Khan wa tatu alianzisha jumuiya ya kuwasaidia Waislamu wa Afrika Mashariki, ambayo ilisaidia kujenga misikiti na shule kwa desturi ya pauni kwa pauni: wenyeji wakitoa kadiri fulani, jumuiya huongeza kadiri ile ile. Uganda, Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu aliwakusanya Waislamu katika chama cha elimu na akatoa ardhi yake ya Kibuli. Watu walijifunza kwa haraka kwamba matofali hupatikana kuliko waalimu.

Na Unguja yuko mtu ambaye kila Muislamu wa Rwanda asomaye Kiswahili amenufaika naye, ajue asijue: Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912. Watu humkumbuka kwa tafsiri yake, Qurani Takatifu, iliyotoka mwaka 1969, na kwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968 hadi 1981. Wanasahau kwamba alisomea ualimu na kwamba alisimama darasani katika shule za serikali tangu miaka ya 1930. Nami nasema kwamba tafsiri ile ni kazi ya mwalimu wa shule. Tazama anavyogawa maneno, anavyotangulia kumwuliza msomaji lile ambalo msomaji angeliuliza, anavyorudia palipo pagumu. Mwanachuoni asiyepata kusimama mbele ya watoto arobaini wanaopiga miayo hawezi kuandika hivyo.

Huku kwetu mabadiliko yalikuja polepole. Tangu 1954 waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, alianza kufungua shule za serikali zisizo za dini katika Kongo na Ruanda-Urundi, kukazuka ugomvi mkubwa baina ya serikali na kanisa. Mwaka 1960, katika machafuko ya siku zile, mtaa wa Waislamu wa Rwamagana ulichomwa moto pamoja na msikiti wake, na wengi wakakimbilia nchi jirani. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, na mwaka 1964 Waislamu wakapata chama chao cha nchi nzima. Baadaye, kwa msaada wa Libya, kilijengwa Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu cha Nyamirambo, na hapo Nyamirambo ikawapo shule ya sekondari ya Kiislamu yenye kufundisha sayansi.

Hapo ndipo deni la zamani lilipodaiwa. Shule ya Kiislamu yahitaji mwalimu wa hesabu na wa kemia, naye hupatikana wapi, ikiwa kwa miaka arobaini hapakuwa na mahali pa kumzalisha? Basi waliajiriwa waalimu waliopatikana, na wengi wao hawakuwa Waislamu. Wako walionung'unika. Kwa maoni yangu manung'uniko hayo hayakuwa na msingi katika mwenendo wa Mtume. Baada ya vita vya Badri, kama tunavyosimuliwa katika sira, mateka wa Makka waliojua kuandika na wasio na mali ya kujikomboa waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto kumi wa Madina kila mmoja. Waalimu wale wa kuandika hawakuwa Waislamu, tena walikuwa maadui waliotekwa vitani! Mtume hakuogopa herufi zao. Mwalimu Mkristo aliyemfundisha mtoto wetu hesabu kwa uaminifu ana haki ya kushukuriwa. Aibu, kama ipo, ni ya kumhitaji yeye siku zote bila ya kumwandaa wa kwetu.

Hatuwezi kuandika juu ya mwalimu katika Rwanda tukauruka mwaka 1994. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mwalimu wa shule alikuwa ndiye mtu aliyewasimamisha watoto darasani kwa kabila, Wahutu wasimame, Watutsi wasimame, akaandika hesabu. Wako watoto waliojua kabila lao kwa mara ya kwanza siku ile, kwa mdomo wa mtu waliyemwamini kuliko wote baada ya wazazi wao. Jambo hilo laonyesha uwezo wa mwalimu kwa upande wake wa kutisha. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wako waalimu waliouawa pamoja na wanafunzi wao, na wako walioua. Kwa upande wa Waislamu, imeandikwa na watafiti wengi kwamba Biryogo na kwingineko wengi waliwaficha jirani zao, na kwamba baadhi ya masheikh walikuwa wamekwisha kuonya dhidi ya uuaji. Imeandikwa pia kwamba wako Waislamu walioshiriki, nasi hatulifichi. Lakini ni haki kuuliza wale waliofungua milango walifundishwa na nani, na wapi. Wengi walikuwa hawana cheti chochote. Walikuwa wamekaa mkekani utotoni, na kule mkekani walikaa pamoja watoto wa watu mbalimbali ambao mwalimu aliwagawa kwa kadiri ya sura waliyofikia.

Baada ya vita, milango ya shule iko wazi kwa mtoto wa kila dini kwa jina lake la asili. Shule zilihamia Kiingereza kwa uamuzi wa mwaka 2008, na mwaka 2017 Kiswahili, kile kile kilichokuwa lugha ya kutukaniwa watu wa Biryogo, kikawa lugha rasmi ya nchi. Waalimu wa shule wanatayarishwa katika vyuo vya ualimu 16. Mwezi wa Agosti 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti kwa sehemu 88 katika 100, na wa wenye stashahada na shahada kwa sehemu 40 katika 100.

Busanza yetu, katika sekta ya Kanombe, upande wa uwanja wa ndege, ni mbali na Biryogo kwa masafa na kwa historia. Hapa hapakuwa na kambi ya Waswahili. Baina ya 2019 na 2022 ziliongezeka familia nyingi zilizohamishwa kutoka Kangondo na Kibiraro za Nyarutarama na kupewa nyumba katika majengo mapya, shauri ambalo lilizungumzwa sana mjini na hata kufikishwa mahakamani. Mtoto anapohamishwa hivyo hupoteza mwalimu wa shule na mwalimu wa madrasa siku moja. Wa shule humpata tena kwa kuandikishwa, kwa kuwa serikali imempangia. Wa madrasa hupatikana jumuiya ikimtafuta.

Na hapa ndipo twaona kwamba mambo yamepinduka. Zamani Muislamu alikuwa na mwalimu wa chuo na hana wa shule. Leo wa shule yupo, amesomea kazi yake, na ana mshahara na chama cha akiba. Wa madrasa ndiye aliyeachwa nyuma. Aghalabu huishi kwa michango inayokuja mwezi huu na kukosekana mwezi ujao, na hufundisha kama alivyofundishwa. Mtoto yule yule hutoka shuleni saa tisa, ambako ameulizwa maswali na kupewa picha na kazi ya vikundi, akaingia madrasa ambako hutakiwa kurudia tu. Hulinganisha, ijapokuwa hasemi. Kisha twashangaa kwamba akifika miaka kumi na mitatu haonekani tena!

Kusomea ualimu si siri wala si bida. Mwanafunzi wa ualimu hufundishwa kuandika maandalio ya somo: leo watoto watajua nini ambacho jana hawakukijua, nami nitajuaje kwamba wamekijua. Kisha hupelekwa katika mazoezi ya kufundisha. Husimama mbele ya watoto wa kweli, na mkufunzi wake hukaa nyuma ya darasa na daftari. Somo likiisha humwambia: uliwapa mgongo muda mrefu, ulimwuliza yule wa mbele mara tano na wale wa pembeni hukuwaona, ulijibu swali lako mwenyewe kabla hawajafikiri. Maneno hayo huuma, na kwa kuuma huko mtu hutengenea. Kijana wa zamani aliyefundisha ubavuni pa mwalimu wake alisahihishwa hivyo hivyo, kwa kuwa mwalimu alikuwa akisikia. Mwalimu wa madrasa wa leo, peke yake na watoto sitini, hana anayemsikia.

Sheria ya mwaka 2018 juu ya mashirika ya dini ilitaka wahubiri wawe na elimu ya dini iliyothibitishwa, na kulikuwa na maneno mengi juu yake misikitini na makanisani. Watu walibishana juu ya mwenye kupanda mimbari, anayezungumza na watu wazima kwa nusu saa kila Ijumaa. Mwenye kumshika mkono mtoto wa miaka mitano akamwonyesha alifu hakuzungumzwa sana, naye hukaa na mtoto huyo siku nne au tano katika juma.

Miongoni mwa Waislamu wa Kigali sasa wako waalimu wa shule, wanaume na wanawake, waliopita katika vyuo vya ualimu. Mnyororo uliokatwa miaka ya 1920 umeanza kuungika. Tungependa kuona hapa Busanza jambo dogo kwa kuanzia: Jumamosi moja katika mwezi mmoja wao aketi nyuma ya mkeka wa madrasa na daftari, amsikilize mwenzake akisomesha, kisha wazungumze wawili peke yao, na mwezi unaofuata mwalimu wa madrasa naye asikilizwe na mwingine, na wanafunzi wakubwa wawili watatu wapewe wadogo wa kuwasomesha huku anawatazama. Na katika hesabu ya mwaka ya jumuiya, ujira wake uandikwe mstari wa kwanza, kabla ya mazulia na rangi ya ukuta, kwa kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana.